Sontonga: Mwalimu wa kwaya ya shule aliyeacha wimbo, kaburi lake likapotea

ASUBUHI ya siku ya shule, kuanzia Mtwara hadi Mwanza, wanafunzi wanapanga mistari, bendera inapandishwa, kiranja anatoa sauti ya kuanzia na wimbo wa taifa unaimbwa. Wa kidato cha kwanza, ambao ndiyo kwanza wamevaa sare mpya, huimba sambamba na wakubwa wao bila kufundishwa upya, kwa sababu wimbo huo wameubeba tangu shule ya msingi.

Sauti ya wimbo huo haikutungwa Dar es Salaam wala Dodoma. Ilitungwa mwaka 1897 karibu na Johannesburg, Afrika Kusini, na mwalimu kijana wa shule ya misheni aliyekuwa akitafuta kitu cha kuimbisha kwaya ya wanafunzi wake. Jina lake Enoch Mankayi Sontonga. Alifariki dunia akiwa na umri wa miaka thelathini na ushei, hakuwahi kuona wimbo wake hata mmoja ukichapishwa kitabuni, na kwa karibu miaka tisini hakuna aliyeweza kuonesha mahali alipozikwa.

Leo wimbo wake unajulikana kama wimbo wa mapambano, wa mikutano ya hadhara na ngumi zilizoinuliwa. Hilo ni kweli, lakini ni habari ya baadaye. Mwanzo wake ni darasa, ubao, chaki na watoto, na bila kuanzia hapo ni vigumu kuelewa kwa nini wimbo wa mwalimu mmoja asiyejulikana ulivuka mipaka mingi kiasi hicho.

Kijana wa Uitenhage

Sontonga alizaliwa takriban mwaka 1873 huko Uitenhage, mji ulio karibu na bahari katika eneo ambalo leo ni Jimbo la Eastern Cape. Alikuwa Mxhosa wa ukoo wa Mpinga. Utoto wake haukuandikwa popote kwa urefu, jambo la kawaida kwa mtoto wa Kiafrika wa miaka ile.

Alisomea ualimu katika Taasisi ya Lovedale, karibu na mji mdogo wa Alice. Taasisi hiyo ya wamisionari wa Kiskoti ilifunguliwa mwaka 1841 na ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya walimu, wachungaji, makarani na wahariri wa mwanzo wa Kiafrika kusini mwa bara hili. Ilikuwa na shule, karakana na kiwanda cha uchapaji, na ilikuwa na kuimba.

Pale Lovedale alikuwapo John Knox Bokwe, Mwafrika aliyefanya kazi ofisini na wakati huohuo akitunga na kuchapisha nyimbo za dini kwa Kixhosa. Mwaka 1885 ulitoka mkusanyiko wake wa nyimbo za Lovedale. Kwa kijana aliyesomea hapo, kumwona Mwafrika akiandika muziki na kuutoa kitabuni halikuwa jambo la kusimuliwa, lilikuwa mbele ya macho yake. Naamini hapo ndipo Sontonga alipopata wazo kwamba na yeye siku moja angechapisha za kwake.

Herufi saba ubaoni

Mwimbaji yeyote wa kwaya ya kanisa au ya shule katika Afrika Mashariki anazijua nota za solfa: do, re, mi, fa, so, la, ti. Anajua karatasi yenye mistari minne ya herufi, sauti ya kwanza juu, besi chini, na nukta mbilimbili zinazogawa mapigo. Wengi hudhani zimekuwapo tangu enzi na enzi. Ukweli ni kwamba zina umri wa chini ya miaka mia mbili, na zilibuniwa kwa ajili ya watoto.

Mwalimu mmoja wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, alianza kutumia herufi badala ya nota za kawaida ili watoto wake waimbe kwa haraka. Mchungaji John Curwen akaichukua njia hiyo kuanzia miaka ya 1840, akaiboresha na kuieneza. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto wa maskini asiye na kinanda nyumbani naye ana haki ya kusoma muziki, na kwamba asome kwa sikio kwanza, alama baadaye.

Darasa la solfa lilikwenda hivi. Ukutani kunatundikwa chati yenye majina ya sauti yaliyopangwa kama ngazi, do ya chini hadi do ya juu na kuendelea. Mwalimu anashika fimbo, anatoa sauti ya do kwa kinywa chake, kisha anagusa jina moja baada ya jingine na darasa linaimba anachogusa. Watoto wakishazoea, fimbo inawekwa chini na mkono unachukua nafasi yake: ngumi iliyofumbwa ni do, kiganja kilicholala ni mi, na kadhalika. Mwalimu hodari aliweza kuliimbisha darasa zima sauti mbili kwa wakati mmoja, mkono wa kulia ukiongoza upande mmoja na wa kushoto upande mwingine, bila chombo chochote cha muziki.

Baada ya hapo ndipo herufi zinaandikwa ubaoni na watoto wananakili. Mstari wa kulala unaonesha sauti inayoshikiliwa, na alama ndogo chini au juu ya herufi inaonesha kama sauti ni ya ngazi ya chini au ya juu. Hakuna mistari mitano ya kuchora wala ufunguo wa kukariri.

Jambo muhimu kuliko yote kwa mwalimu wa wanafunzi wadogo ni kwamba do ya solfa haina mahali pake pa kudumu. Mwalimu anaiweka pale ambapo sauti za watoto wake zinafika. Kama wavulana wa darasa wameanza kubalehe na sauti zinapasuka, anaishusha kidogo, na karatasi inabaki ileile.

Ukiongeza kwamba solfa inaweza kuchapwa na mtambo wowote wenye herufi za kawaida, unaelewa kwa nini wamisionari waliisambaza kutoka Cape hadi Uganda. Ilikuwa ya bei rahisi. Shule isiyo na kinanda, na hizo zilikuwa karibu zote, iliweza kuwa na kwaya ya sauti nne.

Njia hiyo ilikuwa na kasoro zake, na nyingine tunaishi nazo hadi leo. Ilimfunga mwanafunzi wa Kiafrika katika kuimba: aliyejua solfa peke yake hakuweza kusoma muziki wa ala, hivyo mlango wa okestra na vyuo vikubwa ulibaki umefungwa. Pia ilikuja pamoja na mtindo wa tenzi za Ulaya. Kixhosa ni lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti kunabadilisha maana ya neno. Ukichukua maneno ya Kixhosa ukayapandisha juu ya sauti ya utenzi wa Kizungu, mara nyingi wimbo unapanda pale ambapo neno linataka kushuka. Watunzi wa kizazi cha Bokwe na Sontonga walifanya kazi ndani ya ugumu huo, na midundo ya ngoma za nyumbani kwao haikuwa na nafasi kwenye ile chati ya ukutani.

Johannesburg ya dhahabu

Karibu na mwaka 1896, akiwa na cheti chake cha Lovedale, Sontonga alipelekwa kufundisha katika shule ya misheni ya Methodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Eneo hilo leo liko ndani ya Soweto.

Johannesburg yenyewe ilikuwa na umri wa miaka kumi tu. Dhahabu iligunduliwa mwaka 1886 na kufikia 1896 mji ulikuwa na watu takriban laki moja. Wanaume walikuja kutoka kila upande, Msumbiji, Basutoland, Zululand na Cape, kushuka migodini. Mwafrika alitembea na pasi mfukoni, aliishi alipoambiwa aishi, na jioni alitakiwa awe ameondoka mitaa ya Wazungu. Nchi ilikuwa Jamhuri ya Transvaal chini ya Rais Paul Kruger, ambayo haikumpa mtu mweusi haki ya kupiga kura.

Watoto waliokaa mbele ya Sontonga walikuwa wa mji huo. Nyumbani waliongea Kixhosa, Kizulu, Kisotho, Kitsonga na Kitswana. Hawakuwa na kijiji kimoja wala ngoma moja iliyowaunganisha. Mwalimu wa kuimba wa darasa la namna hiyo ana kazi mbili, kuwafundisha sauti na kuwatafutia wimbo ambao wote wanaweza kuuita wa kwao.

Alikuwa kiongozi wa kwaya ya shule, mhubiri kanisani, na pembeni alifanya kazi ya kupiga picha. Alimwoa Diana Mgqibisa, binti wa mchungaji wa Kanisa la African Methodist Episcopal, wakapata mtoto wa kiume. Ndoa hiyo si habari ndogo. Mwaka 1892 Mchungaji Mangena Mokone alikuwa amejitoa Methodisti kwa kuchoshwa na ubaguzi dhidi ya wachungaji weusi, akaanzisha Kanisa la Ethiopia, ambalo mwaka 1896 lilijiunga na wenzao weusi wa Marekani wa kanisa hilo la AME. Kwa hiyo Sontonga alilipwa mshahara na misheni ya Wazungu huku ukweni kwake wakiwa ni watu wa kanisa lililojisimamia. Mazungumzo ya mezani katika nyumba kama hiyo tunaweza kuyakisia.

Wimbo wa 1897

Alikuwa na tabia ya kutunga nyimbo zake mwenyewe kwa ajili ya wanafunzi badala ya kutegemea vitabu. Aliandika maneno na solfa katika daftari la shule. Wanaosimulia kazi zake wanasema nyingi zilikuwa za huzuni, zikibeba taabu aliyoiona kwa watu wa Johannesburg.

Mwaka 1897 aliandika ubeti wa kwanza na kiitikio cha wimbo alioupa jina la Nkosi Sikelel' iAfrika, sala fupi ya kuliombea bara zima baraka. Maneno yake yalikuwa ya Kixhosa. Muziki wake ulikuwa wa sauti nne, wa mwendo wa polepole, wenye vipande vinavyojirudia.

Wataalamu wameuchambua wimbo huo kwa namna nyingi. Wapo wanaosema unafanana na Aberystwyth, utenzi wa mtunzi wa Wales, Joseph Parry, uliotoka mwaka 1879. Inawezekana Sontonga aliusikia kanisani. Mwalimu wa kwaya hulelewa na tenzi kama mtoto wa mvuvi anavyolelewa na bahari. Lakini ukiutazama kwa jicho la mwalimu wa watoto unaona kitu kingine. Sauti zake hazirukiruki na mwimbaji hatakiwi kufika mbali juu wala chini. Kila kipande kikishaimbwa kinarudi tena, kwa hiyo mtoto aliyekosea mara ya kwanza anapata nafasi ya pili. Besi inatembea kwenye hatua chache ambazo kijana aliyeanza tu kuimba besi anazipata kwa siku moja.

Wimbo uliotungwa hivyo haumhitaji mwimbaji bingwa. Mtu anaweza kuupokea akiwa amesimama nyuma ya umati, akausikia mara moja, na mara ya pili akaingia. Sontonga hakuwa akifikiria umati. Alikuwa akifikiria watoto wa Nancefield, lakini kinachomwezesha mtoto kuimba ndicho hichohicho kinachouwezesha uwanja mzima wa watu kuimba.

Kwaya yake ilizunguka ikifanya matamasha Johannesburg na hadi Natal. Mwaka 1899 wimbo huo uliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza inayokumbukwa, katika ibada ya kumwekea mikono Mchungaji Boweni, Mtsonga wa Kanisa la Methodisti. Wimbo wa Kixhosa kwenye sherehe ya Mtsonga: tangu siku hiyo ulikuwa umeshatoka nje ya kabila lake.

Oktoba mwaka huohuo vita kati ya Waingereza na Makaburu vilianza na kudumu hadi Mei 1902. Waafrika wengi waliamini ushindi wa Mwingereza ungewaletea haki zaidi. Mkataba wa amani wa Vereeniging uliliweka kando suala la kura ya mtu mweusi, likasubiri, na lilisubiri hadi mwaka 1994.

Daftari

Sontonga alifariki dunia Aprili 18, 1905, kwa ugonjwa wa tumbo na kidole tumbo kilichopasuka. Leo huo ni upasuaji wa saa moja. Alizikwa katika makaburi ya Braamfontein, Johannesburg, upande waliotengewa Waafrika.

Aliacha mjane, mtoto mdogo na daftari. Alikuwa amekusudia nyimbo zilizomo zichapwe kitabu, hakuwahi. Walimu wa kwaya wenzake walikuwa wakienda kwa mjane kuliazima ili wanakili nyimbo kwa ajili ya shule na makanisa yao. Mwalimu yeyote anajua hatima ya daftari zuri linaloazimwa. Likatoka, likarudi, likatoka tena, na mwisho likapotea.

Inasimuliwa kwamba Diana aliuza haki za wimbo ule kwa sixpence, yaani nusu shilingi ya wakati huo. Aliishi hadi mwaka 1929, muda wa kutosha kuusikia ukiimbwa kila mahali.

Hapa nasimama kidogo. Mara nyingi tunazungumza juu ya somo la muziki shuleni kana kwamba ni starehe ya kujazia ratiba, la kwanza kukatwa vyumba vinapopungua au mitihani inapokaribia. Mwalimu wa muziki ndiye anayepewa vipindi vya masomo mengine, kisha wiki ya mahafali anakumbukwa ghafla ili aandae kwaya. Anachotunga kwa ajili ya mahafali hayo kinabaki katika simu yake au daftari lake, na akihamishwa kituo kinakwenda naye. Ni nyimbo ngapi za walimu wetu zimekwenda njia ya daftari la Sontonga, hakuna awezaye kuhesabu.

Shule zaubeba

Wimbo ule ulipona kwa sababu ulikuwa umeshanakiliwa kwenye madaftari mengine. Shule iliyoubeba zaidi ni Ohlange, Inanda, karibu na Durban, iliyoanzishwa mwanzoni mwa karne ya 20 na John Langalibalele Dube. Hiyo ilikuwa shule ya Waafrika iliyoongozwa na Mwafrika, na kwaya yake ilisafiri ikitafuta fedha za kuiendesha. Kila ilipokwenda Johannesburg iliuimba wimbo wa Sontonga, na watu wakaujua kama wimbo wa vijana wa Ohlange.

Januari 8, 1912, wajumbe kutoka pande zote za nchi walikutana Bloemfontein na kuunda chama kilichokuja kuitwa African National Congress, ANC. Dube alichaguliwa rais wake wa kwanza. Baada ya sala ya kufunga mkutano waliimba Nkosi Sikelel' iAfrika. Mtunzi alikuwa kaburini mwaka wa saba.

Mwaka 1923 Sol Plaatje, mwandishi na katibu mkuu wa kwanza wa chama hicho, aliurekodi wimbo huo London kwenye santuri akisindikizwa na piano. Mwaka 1925 ANC iliufanya rasmi kuwa wimbo wake wa kufungia mikutano. Mwaka 1927 mshairi mkubwa wa Kixhosa, S. E. K. Mqhayi, aliongeza beti saba, na Lovedale, chuo alichosoma Sontonga, ikauchapa kama kijitabu. Ndoto ya kuuona wimbo kwa herufi za mtambo ilitimia miaka 22 baada ya mwenyewe kuondoka.

Toka hapo kila lugha ikachukua sehemu yake. Kisotho, Kizulu, Kishona, Kichewa na nyinginezo zilitia maneno yake ndani ya sauti zilezile. Walimu wa shule za misheni, makarani na wafanyakazi wa migodini waliorudi makwao waliubeba kuelekea kaskazini, wengi wao bila kujua jina la aliyeutunga.

Tunduma, Nakonde na Mazimbu

Desemba 9, 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, sauti ya Sontonga ilipigwa kwa maneno ya Kiswahili ya Mungu Ibariki Afrika. Baada ya Muungano wa mwaka 1964 ukabaki kuwa wimbo wa Jamhuri ya Muungano. Oktoba 1964 Zambia nayo ilipata uhuru na kuichukua sauti hiyohiyo, ikatafuta maneno yake kwa kushindanisha watunzi. Zimbabwe iliutumia kuanzia mwaka 1980 hadi 1994 ilipopata wimbo mwingine, na Namibia iliuimba kwa muda baada ya uhuru wa mwaka 1990.

Anayetaka kuona maana ya hayo aende Tunduma asubuhi. Upande huu ni Tanzania, upande ule ni Nakonde, Zambia, na kati yao ni foleni ya malori. Wanafunzi wa pande zote mbili wanasimama mstarini na kuimba kitu kimoja, tofauti ni maneno tu. Mtoto akikaa kimya na kusikiliza sauti bila maneno, hawezi kujua ni shule ya nchi gani inayoimba.

Kuna mahali pengine hapa nchini ambapo wimbo huo ulirudi shuleni kwa njia ya pekee. Baada ya maandamano ya wanafunzi wa Soweto ya Juni 1976, vijana wengi walikimbia nchi yao. Tanzania iliwapa ANC ardhi Mazimbu, Morogoro, iliyokuwa shamba la mkonge, na kuanzia mwaka 1978 ikajengwa hapo shule ya sekondari iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu Aprili 1979.

Wanafunzi hao walikuwa wametoka katika mitaa ileile ya Soweto ambako, karibu miaka themanini kabla, Sontonga alikuwa akishika fimbo mbele ya chati. Waliuimba wimbo wake kwa Kixhosa, Kizulu na Kisotho. Nje ya uzio, katika shule za Morogoro, wenzao wa Kitanzania waliuimba kwa Kiswahili. Kwao Afrika Kusini wimbo huo ulikuwa wimbo wa wanaopigwa marufuku. Huku ulipigiwa saluti na askari. Wapo waliofika wakiwa na umri wa miaka kumi na tano au kumi na sita, bila wazazi. Nadhani si jambo dogo, kwa kijana wa umri huo, kufika ugenini na kukuta sauti ya wimbo wa nyumbani ikiimbwa kila asubuhi na watoto asiowajua.

Shule hiyo ilifungwa mwaka 1992 na majengo yake yakabaki Tanzania. Leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Jina moja kwenye rejista

Mwaka 1994 Afrika Kusini ilifanya uchaguzi wa kwanza wa watu wote. Kwa muda ikawa na nyimbo mbili za taifa, ule wa Sontonga na ule wa serikali iliyoondoka, na mwaka 1997 zikaunganishwa kuwa mmoja unaoimbwa kwa lugha tano.

Serikali mpya ilitaka kumpa heshima mtunzi. Kwanza ilibidi apatikane. Watafiti walijua alizikwa Johannesburg, lakini walipopekua kumbukumbu za makaburi hawakukuta Sontonga hata mmoja aliyelingana naye. Jibu lilipopatikana lilikuwa jepesi na la kuudhi. Karani wa makaburi ya Braamfontein wa mwaka 1905 alikuwa amemwandika kwa jina lake la ubatizo peke yake. Katika rejista ile mwalimu wa kwaya alikuwa Enoch tu, Mwafrika mmoja kati ya wengi waliozikwa wiki hiyo, na watu walikuwa wakimtafuta kwenye herufi S.

Septemba 24, 1996, sikukuu ya urithi wa taifa, eneo la kaburi hilo lilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Rais Nelson Mandela alifika mwenyewe Braamfontein kuzindua mnara, na nishani ya dhahabu aliyotunukiwa Sontonga ikapokelewa na mjukuu wake. Uliimbwa wimbo wake, ubeti ule wa kwanza wa mwaka 1897. Zile nyingine alizoandika kwa ajili ya wanafunzi wa Nancefield hazikuimbwa siku hiyo, kwa sababu lile daftari halikupatikana.